Wauzaji wadogo waache kulipia hewa

Kila bei ya bidhaa inapopanda, lawama hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia aliye karibu. Mwalimu wa Pongwe anaponunua beseni, sabuni au nguo ya mtoto kwa bei inayozidi ile anayoisikia ya Kariakoo, humtazama mwenye duka na kumwona mlanguzi. Karani wa ofisi naye husema hivyo hivyo, tena husema kwa sauti. Ni rahisi kusema hivyo, kwa sababu mwenye duka ana jina na ana uso, na gharama ya kusafirisha mzigo haina jina wala uso. Lakini lawama hiyo haina haki. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba inawafanya watu wenye elimu, ambao ndio wangeweza kusaidia, wasiitazame hesabu yenyewe.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwenye duka dogo wa Pongwe huondoka peke yake kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 350 kwa njia ya Segera na Chalinze. Hulipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Hulala, na hula. Akiisha kununua, humlipa hamali wa kuutoa mzigo dukani, humlipa mwenye mkokoteni au bajaji wa kuufikisha kituoni, kisha husimama ubavuni mwa basi akibishana na mtu asiye na mizani wala orodha ya bei, ambaye huutazama mzigo kwa jicho, humtazama na mwenye mzigo, ndipo hutamka kiasi anachotaka. Risiti haipo. Akishuka Pongwe usiku hulipa tena, maana robota halitembei lenyewe mpaka dukani. Gharama zote hizo hubebwa na robota moja la mitumba na maboksi mawili au matatu. Jirani yake amefanya safari hiyo hiyo juma lile lile, na wa tatu atakwenda keshokutwa. Wakiwa watano, hizo ni nauli kumi na malazi matano, kwa mzigo ambao ukikusanywa wote pamoja pengine usingejaza nusu ya lori dogo.

Hapo ndipo fedha inapopotea. Umbali wa Dar es Salaam na Pongwe ni ule ule kwa tajiri wa Tanga mjini na kwa mama mwenye meza ya nguo. Ila tajiri hulipia mzigo, na mama yule hulipia mzigo pamoja na nafasi tupu iliyouzunguka. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba lori la tani 10 limekodishwa kwa shilingi 600,000. Likibeba tani 2, kila kilo imebebeshwa shilingi 300. Likijaa, kila kilo imebebeshwa shilingi 60. Dereva ni yule yule, barabara ni ile ile, dizeli imeongezeka kidogo tu. Zile shilingi 240 za tofauti hazikuingia mfukoni mwa mwenye duka, wala hazikumfaidia mnunuzi. Zimelipia hewa. Na hewa hiyo hulipiwa mwishowe na mtumishi yule yule anayenung'unika mbele ya kaunta.

Nchi hii ilikwisha kujaribu kuishinda bei kwa amri. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei ya Taifa, na bidhaa nyingi zikapangiwa bei. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambayo ilitaka maduka ya watu binafsi yafungwe na mahali pake pashikwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Mwaka 1983 ikaja kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi. Nia ya kumlinda mnyonge ilikuwapo, lakini bei iliyoandikwa katika karatasi haikubeba mzigo hata hatua moja. Pale ilipokuwa ndogo kuliko gharama ya kuifikisha bidhaa, bidhaa ilijificha chini ya meza, ikauzwa gizani. Mwaka 1984 mlango ukafunguliwa kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mitumba ikatapakaa kila gulio. Katika yote yaliyozikwa wakati ule, jambo moja lilistahili kubakizwa: Kampuni za Biashara za Mikoa, pamoja na udhaifu wake wote, zilichukua bidhaa kwa wingi kwa ajili ya maduka mengi. Mfumo ulipokufa, kila mwenye duka aliachiwa uhuru wa kuuza, na akaachiwa pia kazi ya kuwa msafirishaji wa vifurushi vyake mwenyewe. Kazi hiyo ya pili hakuna aliyeihesabu.

Anayeshauri leo kwamba wauzaji wadogo waunganishe mizigo yao hujibiwa haraka: "Hayo ni mambo ya ushirika, na ushirika ulitushinda." Jibu hilo hutolewa hata na watu ambao mwaka 1976 walikuwa hawajazaliwa. Ni jibu la uvivu wa kufikiri. Katika duka la ushirika watu waliunganisha mtaji, wakaunganisha bidhaa, wakaunganisha faida, na mara nyingi wakampa mtu mmoja funguo za vyote. Fedha zilipopungua, hakuna aliyeweza kusema ni za nani. Kuunganisha mzigo ni jambo jingine kabisa. Mtaji wa kila mtu unabaki wake, robota lake linabaki lake, bei atakayouzia anaijua mwenyewe, na jirani yake anaendelea kuwa mshindani wake. Kinachounganishwa ni mwendo tu, kutoka mlango wa duka la jumla mpaka Pongwe. Likishushwa, kila mtu anachukua lililo na alama yake na kwenda zake.

Wazee wa pwani hawakuhitaji kufundishwa haya. Jahazi lililovuka kutoka Tanga kwenda Pemba liliweza kubeba shehena za wenye bidhaa wengi kwa safari moja. Kila mmoja alitia alama yake juu ya gunia au pakacha, karani akaandika, nahodha akatoza kwa kadiri ya kilichopakiwa. Neno lenyewe nauli, kabla ya kuwa la tiketi ya basi, lilikuwa la ijara ya chombo. Wafanyabiashara wale hawakupendana kuliko watu wa leo, wala hawakuwa waaminifu kuliko watu wa leo. Walijua tu kwamba chombo hakisubiri mtu mmoja ajaze ngama peke yake. Ni ajabu kwamba watoto na wajukuu wa watu hao, wakiwa na simu mkononi, leo wanashindwa kukubaliana siku ya kupakia lori.

Lakini ili mizigo iungane bila ugomvi lazima ipimwe, na hapa ndipo mwalimu anapotakiwa zaidi kuliko mwanasiasa. Wauzaji wengi wadogo wanajua kwamba mzigo una uzito. Wachache wanajua kwamba mzigo hutozwa pia kwa ukubwa. Mzigo wa meli usiojaza kontena hutozwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, kwa kufuata kile kilicho kikubwa zaidi. Mzigo wa ndege kwa kawaida hupimwa urefu, upana na kimo kwa sentimita, vikazidishwa, kisha jawabu likagawanywa kwa 6,000 ili kupata kilo za kutozwa. Nazo zikizidi kilo za mizani, hizo ndizo zinazolipiwa. Boksi lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni sentimita za ujazo 120,000, yaani kilo 20 katika hesabu ya ndege. Likiwa na maua ya plastiki yenye kilo 8, mwenyewe atalipia kilo 20. Wapo waliolia kwamba wameibiwa, kumbe walikuwa hawakuambiwa kanuni.

Boksi hilo hilo lina mengine ya kufundisha. Maboksi manane ya namna hiyo ni karibu mita moja ya ujazo, pungufu kidogo. Yakifungwa vibaya, yakavimba kwa sentimita tano kila upande wa kipimo, kila moja huwa 65 kwa 55 kwa 45, na manane yote hufika mita za ujazo 1.287. Bidhaa haikuongezeka hata moja, lakini gharama imeongezeka kwa theluthi nzima. Mabeseni yasipopachikwa, viatu vikiachwa kila jozi ndani ya kasha lake, magodoro yasipokazwa kwa kamba, yote hayo ni malipo ya hewa iliyotajwa. Wala si lazima mtu awe mwagizaji wa Guangzhou ili imhusu, maana mwenye lori la Chalinze naye hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito anapobeba bidhaa nyepesi. Hesabu hizi ni za shule ya msingi. Mtoto hufundishwa ujazo wa tangi la maji ambalo hatalijenga. Angeweza kufundishwa ujazo wa boksi analoliona kila siku mlangoni kwa baba yake.

Katika kupima huko ndimo inamojificha faida nyingine ambayo mtu mmoja hawezi kuipata hata akiwa hodari. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huleta misumari, rangi na nondo. Lori lake hufikia ukomo wa uzito likiwa na nafasi kubwa juu. Mwenye duka la vyombo huleta mabeseni na ndoo. Lori lake hujaa mpaka turubai halifungiki, na uzito haujafika hata robo. Wa kwanza amelipia nafasi asiyoitumia, na wa pili amelipia uwezo wa magurudumu asiouhitaji. Wakipakia pamoja, misumari chini na mabeseni juu, lori moja linafanya kazi ya mawili. Watu hao wawili hawashindani kwa lolote, na huenda maduka yao yanatazamana, lakini mpaka leo kila mmoja anatafuta usafiri wake.

Pongwe yenyewe imewekwa mahali ambapo watu wengi wangepatamani. Kiwanda cha saruji cha Tanga, ambacho kampuni yake iliasisiwa mwaka 1980, kiko hapo hapo, na malori huenda kupakia saruji. Lori linalokuja bila mzigo limekwisha kulipia dizeli ya kuja. Chochote litakachopewa kubeba njiani ni faida kwa mwenyewe, na kwa hiyo bei yake yaweza kuwa ndogo. Upande wa Muheza, msimu wa machungwa unapofika, malori hushuka Dar es Salaam yamejaa na hutafuta mzigo wa kurudi. Dereva wa namna hiyo hawezi kumngoja mtu mmoja mwenye boksi, azungushwe Kariakoo nzima kwa ajili ya ndoo thelathini. Atawangoja watu kumi ambao mzigo wao umekwisha kukusanywa mahali pamoja, umeorodheshwa na fedha iko tayari. Nafuu ya lori la kurudi ipo kila siku. Anayeikosa ameikosa kwa sababu alifika peke yake.

Reli nayo isisahauliwe, ingawa kwa sasa si dawa ya mwenye maboksi matatu. Ujenzi wa reli ya Tanga, ya kwanza katika bara hili la Tanzania, ulianza mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896; Pongwe ilisikia filimbi ya treni kabla ya Dodoma, Tabora na Moshi. Mwaka 1963 njia ya Ruvu mpaka Mruazi iliiunganisha na reli ya kati. Baada ya kusimama kwa miaka mingi, treni za mizigo zilirejea njia ya Moshi mwaka 2019, na treni ya abiria ikafika Arusha mwaka 2020. Behewa hubeba makumi ya tani, na makumi ya tani si kazi ya kijiji kimoja. Wauzaji wa mchele, sukari na unga wa Pongwe, Muheza na Korogwe wakiagiza siku moja wanaweza kulifikiria. Kabla ya hapo, kuwaambia watumie reli ni kuwadhihaki.

Bandari ya Tanga ni habari kubwa zaidi. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na mzigo ukashushwa kwanza katika matishari, kisha ukapandishwa tena nchi kavu, kila hatua na malipo yake. Kazi iliyoanza mwaka 2019 imeongeza kina cha lango kutoka mita 3 hadi mita 13 na kuboresha gati mbili zenye jumla ya mita 450, kwa gharama ya shilingi bilioni 429.1. Fedha hizo ni za wananchi, akiwamo mwenye meza ya nguo wa Pongwe. Je, yeye atafaidika nini nazo? Asipobadili mwenendo wake, hatafaidika na lolote. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo zipatazo 33, na kwa upakiaji wa kawaida huingia kati ya 25 na 28. Mtu wa mita mbili hana la kufanya na kontena. Atampelekea wakala mzigo wake, atoe bei ya reja reja ya usafiri, ushushwe Dar es Salaam, kisha aufuate kwa basi. Watu kumi na wanne wenye mita mbili mbili ni kontena zima. Kontena zima laweza kushushwa Tanga, likafunguliwa mbele ya wenyewe, na Pongwe iko mwendo mfupi tu kutoka gatini. Ada ya wakala wa forodha kwa kadhia moja hugawanywa kwa kumi na wanne badala ya kulipwa mara kumi na nne. Lakini wote lazima wawe na karatasi zao sawa, kwa kuwa hati mbovu ya mmoja yaweza kulizuia kontena la wote bandarini, na siku za kuhifadhi bila malipo zikipita, nafuu yote huliwa na ghala.

Mwenye bidhaa za Kenya ana njia nyingine, ambayo wengi wanaiogopa bure. Kutoka Tanga mpaka Horohoro ni kilomita 65 za lami. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, zaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, bila mlolongo wa makaratasi ya mwagizaji mkubwa. Mara ngapi Afisa Biashara amewakusanya wauzaji wa Pongwe akawasomea kanuni hiyo? Asiyeijua hupita njia za panya, hulipa anayemkamata, na gharama ya woga wake huingia katika bei ya sabuni.

Hapa ndipo lawama inapostahili kurudishwa ofisini ilikotoka. Serikali inamjua muuzaji mdogo vizuri sana inapotaka kumhesabu. Mwezi Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na katika kipindi kifupi maofisa wa kila wilaya waliweza kuwafikia mpaka wauza karanga. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni jambo jema. Lakini mkopo anaopewa mama, kisha akausafiri peke yake kwenda na kurudi Kariakoo mara nne, sehemu yake humwagika barabarani kabla haijawa bidhaa. Wakala wa Vipimo hupigana na lumbesa shambani, na hupigana kwa haki, kwa kuwa mkulima hapaswi kuuza gunia linalokadiriwa kwa jicho. Mbona basi mchuuzi hutozwa mzigo kwa jicho kituoni, na hakuna anayeona kuwa huo nao ni lumbesa?

Itasemwa kwamba kungojana kuna hasara, na kauli hiyo ina ukweli wake. Samaki hangoji, mboga haingoji, na mwenye mtaji wa shilingi laki mbili ambaye rafu zake zimekauka hawezi kukaa juma zima akimsubiri mwenzake auze kwanza. Kwa hiyo mizigo ya kuungana ni ile isiyooza, tena inayojulikana mapema kwamba itahitajika: madaftari kabla ya Januari, nguo kabla ya sikukuu, sukari na tende kabla ya Ramadhani. Itasemwa pia kwamba mzigo ukipotea patakuwa na vita. Patakuwa na vita iwapo hakuna maandishi. Orodha yenye alama, idadi, uzito na kipimo, iliyotiwa saini na mwenye mzigo na mpokeaji, pamoja na neno moja lililokubaliwa mapema juu ya nani hubeba hasara ya njiani, huzima ugomvi mwingi kabla haujaanza. Orodha hiyo hailazimu kuandikwa na mfanyabiashara. Katika Pongwe wapo walimu waliostaafu, wenye mwandiko mzuri na wasio na duka, ambao mchuuzi atawaamini kuliko atakavyomwamini mchuuzi mwenzake, na ambao wanastahili kulipwa ujira kidogo kwa kila mzigo.

Kata ya Pongwe imo ndani ya Jiji la Tanga, na jiji lina Afisa Biashara, lina Afisa Ushirika, lina Afisa Maendeleo ya Jamii. Watatu hao hawaombwi kufungua duka, kununua lori wala kuunda chama chenye mwenyekiti na muhuri. Wanaombwa kuweka mizani ya jukwaa na tepu ya kupimia mahali ambapo mabasi na malori husimama, kubandika ukutani bei za kubeba kwa kilo na kwa ukubwa baada ya kuzungumza na wasafirishaji, na kutangaza siku moja ya juma kuwa siku ya kupakia. Siku hiyo haihitaji bajeti.